Kabla ya Kununua Kitabu cha Photoshop, Tazama Nyuso

"Mjomba, nichukue kipi? Muuzaji anasubiri."

Ujumbe uliingia mchana, na chini yake picha ya turubai lililotandazwa kando ya barabara, Posta, Dar es Salaam. Katikati ya vitabu vya uhasibu na riwaya zilizopauka kwa jua palilala kitabu kinene cha Photoshop CS3, mgongo umechanika. Pembeni yake jarida la Uingereza la kuediti picha: jembamba, linang'aa, na jaladani msichana anayetoa moto viganjani. Kitabu shilingi 15,000, jarida 5,000.

Mpwa wangu ameingia kwenye kazi ya picha za harusi mwaka huu. Laptopu yake ni ya mtumba na hela yake ni ya mawazo. Nikamjibu, "Usinunue kwanza, jioni nitakupigia." Aliniambia baadaye kwamba muuzaji alisonya.

Jioni tuliongea, lakini jibu sikuwa nalo.

Nina studio Tanga. Vijana waliopita mikononi mwangu wote wameniuliza swali hilo, na mjini kuna jibu lake la siku zote: tazama toleo, kikiwa cha zamani kiache. Kilichonisumbua wiki zilizofuata ni kwamba vitabu vilivyochakaa kuliko vyote rafuni mwangu, vyenye alama za vidole na madoa ya chai, ndivyo vya zamani kuliko vyote. Vile vipya ni visafi kabisa.

## Toleo ni umri wa vitufe

Tuanze na hicho cha CS3, maana ndicho ambacho watu wangekicheka. Photoshop iliingia sokoni Februari 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Leya, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine, zilikuja na toleo la 3, mwaka 1994. Leya za marekebisho, zile zinazokuruhusu kubadili mwanga bila kuichubua picha yenyewe, 1996. Orodha ya historia, inayokurudisha hatua nyingi nyuma, 1998. Brashi ya kuponya madoa ya ngozi, 2002. CS3 yenyewe ni ya 2007.

Sasa ikumbuke harusi uliyoikabidhi mara ya mwisho. Kevu, yaani ule mstari wa mshazari unaouvuta juu au chini kupandisha na kushusha mwanga. Maski, ile barakoa inayokinga sehemu usizotaka ziguswe. Kufuta chunusi. Kukata, kunoa, kuandaa faili la kuchapishwa. Kitabu cha 2007 kina hayo yote. Vitufe vimehama, dirisha limegeuka jeusi, lakini kevu ukiivuta leo inafanya kile kile ilichokifanya wakati ule.

Kilichooza humo ni sura ya RAW, lile faili ghafi la kamera. Mwaka 2012 Adobe, wenye Photoshop, ilibadili namna Camera Raw na Lightroom, programu zake za kufungulia mafaili hayo, zinavyosindika mwanga, na vitelezi vya Recovery na Fill Light, ambavyo vitabu vya wakati ule vilivipigia debe, vikaondolewa. Nafasi zao zilishikwa na Highlights na Shadows, ambavyo havifanyi kazi kwa namna ile ile. Mwanafunzi anayeifuata sura hiyo leo atatafuta kitelezi kisichokuwapo mpaka usiku wa manane. Iruke, usiihurumie.

Na vitu vipya? Kujaza pengo kwa kukisia kilicho jirani kulikuja 2010. Kuagiza kwa maneno kitu ambacho hakikuwapo kwenye picha, 2023. Sioni anayehitaji kitabu kwa hayo. Unaandika unachotaka, mashine inaleta, unakubali au unakataa.

Ila kujua lini ukatae, hapo ndipo watu wanapokwama. Na hilo silioni kwenye orodha ya mapya ya toleo lolote.

## Moto viganjani

Sitaki kulidharau jarida. Maski mimi nilizielewa kwa jarida, makala ya kurasa chache iliyoisha jioni moja baada ya kufunga studio. Kitabu cha kurasa 500 kinataka mtu mwenye subira, au asiye na wateja. Jarida linajua kwamba umechoka.

Tatizo lake ni tarakimu.

"Weka ukungu wa pikseli 12, leya iwe asilimia 40." Unaweka. Kwenye picha ya mwandishi mambo yananyooka, kwenye yako hakibadiliki kitu, au bibi harusi anageuka sanamu ya nta. Sababu haikuandikwa: pikseli 12 ni nyingi au chache kulingana na ukubwa wa picha. Fremu ile ile ikipigwa kwa kamera ya megapikseli 6 na kisha ya megapikseli 24, uso kwenye ya pili una pikseli maradufu kwa upana. Ukungu unaofuta vinyweleo huku, kule unapita juu juu tu. Jarida limekupa vikombe vitatu vya unga bila kukuonyesha kikombe.

Mwandishi yeye hakudanganya, maana pamoja na jarida ulitakiwa kupata faili la picha yake. Majarida mengi ya enzi zile yalikuja na CD ya mazoezi. Likifika kwenye turubai la mitumba, CD ilishatoka zamani. Yaliyofuata yaliandika anwani ya kupakulia mafaili, na ukiijaribu leo mara nyingi inakujibu kwamba ukurasa haupo. Unabaki na tarakimu za picha ya mtu mwingine.

Halafu kuna suala la nani analipa. Hapa Tanga hakuna mteja aliyewahi kuniomba moto viganjani. Wanaomba tumbo lipungue, ngozi ing'ae, na shemeji aliyefumba macho afumbuliwe.

Hilo la ngozi ndilo lililonifikisha nilipofika.

## Nilivishusha vyote rafuni

Nilifanya jambo la kitoto. Nilivishusha vitabu na majarida yote, nikavifungua kwenye kurasa za kurekebisha ngozi, na sikusoma neno. Nilitazama nyuso tu.

Zilikuwa nyuso za Wazungu, moja baada ya nyingine. Madoa ya jua puani, wekundu mashavuni, mishipa chini ya macho. Mtu mweusi alikuwamo pia, msinifahamu vibaya. Lakini alikuwa kwenye kurasa za maonyesho: mwanariadha aliyepakwa mafuta, taa za studio zimemzunguka, picha imekamilika. Kwenye ile picha ya kushoto, ya kabla ya marekebisho, yenye matatizo ambayo ukurasa mzima unafundisha kuyatatua, hakuwapo.

Nilikaa nazo wazi mezani kwa muda.

Waliowahi kufanya kazi kwenye maabara za filamu watakumbuka kadi ya Shirley. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilisambaza kwa maabara picha ya mwanamke Mzungu, na fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke vizuri. Ikitoka, mashine iko sawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mashine zile zimekwisha kutupwa, lakini sura ya ngozi kwenye kitabu cha kuediti inafanya kazi ile ile ya kadi: inakuambia ngozi iliyo sawa inafananaje, kisha inakupa hatua za kuifikia.

Na hatua zenyewe ni zipi? Punguza wekundu. Inua vivuli. Lainisha. Kwa shavu lililoungua jua la Ulaya ni dawa nzuri. Mfanyie hivyo shangazi yangu uone. Wekundu ndio uhai wa ngozi ya kahawia; ukiupunguza unabaki na kijivu. Ukiinua vivuli kwa pupa unaua tofauti ya giza na nuru iliyokuwa ikichora taya na pua, na uso unalala bapa. Mteja hajui kevu wala Highlights, lakini atakuambia kwa maneno yake: "Mbona mmenipaka majivu?"

Kipimo ninachokitumia sikukipata kwenye sura ya ngozi, nilikipata kwenye sura ya rangi, ambayo wengi wanairuka kwa sababu ina namba. Weka kidokezi cha rangi, kile kifaa cha kusomea rangi, kwenye shavu, mahali pasipo na mng'ao wala kivuli kizito, na usome namba tatu. Ngozi ya binadamu kwenye mwanga wa kawaida, awe Msambaa, Mhindi au Mswidi, ina mpangilio mmoja: nyekundu juu, kijani chini yake, bluu chini kabisa. Shavu la kahawia linaweza kusoma 122, 84, 64. Mpige bibi harusi huyo huyo chini ya mwembe saa saba mchana, majani yammwagie mwanga wao, utaona 116, 108, 66. Kijani kimeusogelea wekundu, naye anaonekana ametoka hospitali. Jicho lililochoka saa sita usiku linaweza lisione. Namba zinaona. Unachukua kevu ya kijani peke yake, unaishusha katikati, unaweka maski shela isigeuke waridi, basi.

Inafanya kazi kwenye Photoshop, inafanya kazi kwenye GIMP ambayo ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Photopea inayofunguka ndani ya kivinjari. Hata Snapseed ya simu ina kevu za rangi tatu, ingawa namba hupewi.

## Mwalimu asiyeijua programu

Kitabu kilichochakaa kupita vyote rafuni mwangu ni The Negative cha Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, toleo la 1981. Adams alikufa 1984. Photoshop hakuiona, ingawa humo ndani anasema anaisubiri kwa hamu picha ya kielektroniki.

Milima na miamba ya California, filamu nyeusi na nyeupe, kemikali za kusafishia. Nani angemshauri kijana wa harusi akinunue?

Nilianza kujiuliza kwa nini nakirudia. Adams anagawa mwanga wote katika kanda, kuanzia 0, weusi mtupu, mpaka 10, weupe wa karatasi. Kutoka kanda moja hadi nyingine ni stopu moja, yaani mwanga maradufu. Kanda ya 5 ni kijivu cha katikati, na ndiko kipima mwanga cha kamera kinakotaka kupeleka kila kinachokiona. Kisha anafanya jambo ambalo vitabu vyangu vya Photoshop havikulifanya: anaitaja ngozi nyeusi na kuipa mahali pake. Ngozi ya Mzungu juani anaiweka kanda ya 6, ngozi nyeusi ya 5.

Ningependa kubishana naye kidogo. Ndugu wa bibi harusi mmoja wa hapa pwani, wakisimama mstari mmoja, wanajaza kuanzia 4 mpaka 6, na mama mdogo ana 6 na nusu kwa poda. Lakini angalau sasa tuna cha kubishania.

Shela liko kanda ya 8. Uso wa bibi harusi wa kahawia iliyokolea uko ya 4. Kamera inaona shela kubwa, inaogopa, inashusha picha nzima, na uso unaangukia 3, pale ambapo sura bado ipo lakini macho yameanza kuzama. Ukilijua hilo, kuediti kunakuwa na mwelekeo: uso urudi 4 au 4 na nusu, si 6, na shela lisipite 8 likapoteza nakshi zake. Huvuti kitelezi mpaka "ipendeze". Unajua unakwenda wapi.

Hata vifaa vyenyewe vilitoka huko. Kile kiduara chenye mpini, alama ya Dodge kwenye Photoshop, ni kipande cha kadibodi kwenye waya, ambacho fundi wa chumba cha giza alikizungusha juu ya karatasi kuzuia mwanga ili mahali pabaki peupe. Ule mkono uliokunjwa, alama ya Burn, ni mkono wake kweli, akiacha mwanga upite kwenye tundu ili mahali paungue paive. Mtu akishajua hivyo haulizi tena alama hizo zinafanya nini.

Na hapa kwetu mafundi walikuwapo. Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha vichwa, maua na vyombo kwenye picha moja kwa mkasi na chumba cha giza, wakati leya ilikuwa haijafikiriwa. N.V. Parekh wa Mombasa alipiga picha za watu wa mji ule, wa kila rangi, ndani ya studio yake. Ukikuta picha zao kwenye kitabu cha maonyesho, hicho nacho ni kitabu cha kujifunzia kuediti, japo hakuna atakayekiweka kwenye rafu hiyo.

## "Mjomba, kitabu hakina sauti"

Mpwa wangu nilimsomea haya yote kwa simu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kwa nini tunazungumzia vitabu kabisa. Anajifunza YouTube. Bure.

"Si bure, ni bando," nikamwambia.

"Bando lipo, Mjomba. Kwenye video naona mkono wake unavyokwenda. Nikikwama narudisha nyuma. Kwenye kitabu nikikwama ndiyo nimekwama."

Nilitafuta la kumjibu nikakosa, maana ni kweli. Kuchora maski kuzunguka nywele zilizosukwa, kwa mfano, ukurasa hauwezi. Unahitaji kuona brashi inavyotetemeka pale unywele unapokutana na anga. Na programu ikibadilika Jumatatu, Ijumaa kuna kijana amekwisha rekodi.

Hapo ndipo mambo yaligeuka kichwani mwangu. Nilikuwa nikilinganisha kitabu na jarida, wakati mshindani wa vyote viwili ni ile video. Kwa kuonyesha vitufe, video imeshinda na haina haja ya kupigiwa kura. Kwa hiyo jarida la hatua kwa hatua limeishiwa kazi, na ninasema hivyo kwa masikitiko, maana niliyapenda. Kitabu kinachoorodhesha vitufe nacho kimeishiwa, hata kama ni cha mwaka huu na kinanukia wino. Ukinunua kitabu, nunua kile kinachosema mambo ambayo mtu wa video hana muda nayo: mwanga unafanya nini, rangi inavunjikaje, kwa nini kivuli hiki kiachwe kama kilivyo. Kitu ambacho unahitaji kukisoma mara mbili kidole kikiwa juu ya sentensi.

Zaidi ya hapo, rangi za video usiziamini sana. Zimebanwa, na wewe unazitazama kwenye kioo cha simu kilichopandishwa mwanga mpaka mwisho kwa sababu uko juani. Anaposema "oneni ngozi ilivyopata joto", ni joto la skrini ya nani?

Kwenye turubai, basi, ningefanya hivi. Fungua kitabu katikati, soma ukurasa mmoja. Kiingereza kisikutishe, huhitaji kila neno. Hesabu sentensi zinazoanza kwa kukuambia bonyeza hapa, kisha tafuta zinazokueleza sababu. Ukurasa wenye sababu hata mbili ni ukurasa mzuri. Halafu nenda kwenye ngozi, utazame picha za kushoto. Toleo utaliangalia wakati unahesabu chenji.

Nilimtuma arudi Posta akakikague kile cha CS3 kwa namna hiyo. Kilishanunuliwa. Jarida lilikuwapo.

Nikampelekea The Negative kwa basi. Alinipigia alipoifungua bahasha, sauti imenuna: "Mjomba, humu hamna Photoshop." Nikamwambia asome za kanda tu, milima aiache. Amekuwa akinitumia picha za harusi alizoziandikia namba kwenye nyuso, shela 8, bwana 4, bibi yake bwana 3. Kuhusu huyo bibi hatujakubaliana. Mimi naona anastahili 4.

## Kurasa za kushoto

Kitabu ninachokitaka bado hakipo kwenye turubai lolote nililopita. Kingekuwa kwa Kiswahili, na kingekuwa chembamba. Picha za kushoto zingekuwa zetu: mzee mwenye kofia iliyotupa kivuli mpaka puani, mtoto mweusi sana kwenye sare nyeupe ya shule, mabinti wa madrasa ndani ya ukumbi wenye taa za kijani na zambarau, bibi harusi aliyepakwa poda ya rangi isiyo yake shingo ikamuumbua. Kila picha ina faili lake la mazoezi, kubwa, si la kubanwa, ili anayesoma avute kevu ile ile ninayoivuta mimi.

Nimeanza na bibi harusi wa chini ya mwembe. Nitaweka hapa faili lake na namba zake kabla ya mfungo, familia imesharidhia. Kama nawe unayo picha ya namna hiyo iliyokushinda, na mwenye sura amekubali ionekane, nitumie tuifanyie kazi. Iwe RAW. JPEG iliyopita WhatsApp siipokei.